Kabla Hujabadilishiwa Goti

Mama yangu alikuwa na miaka 67 alipoacha kwenda sokoni. Hakutangaza, alianza tu kumtuma mtu. Kisha akaacha harusi, kwa sababu harusi ina mkeka, na mkeka una kukaa chini na kuinuka. Darsani aliendelea kwenda, ila akawa anafika kabla ya wenzake ili asionekane anavyozipanda ngazi tatu za barazani. Sisi watoto tukasema ni uzee. Ilituchukua miaka miwili kutambua kwamba kilichomfungia ndani ni goti la kulia.

Nilimuuguza kabla ya kubadilishiwa goti hilo na baada yake. Mengi niliyajua nikiwa nimeshachelewa, nayo ndiyo ninayotaka wewe uyapate mapema. Daktari wako ndiye aliyeliona goti lako. Mimi nakupa ya kumuuliza, ya kuandaa nyumbani na ya kuvumilia. Na yule atakayekushika mkono ukitoka wodini, mpe naye asome.

Kinachosagika

Mtaani tunasema goti limeisha mafuta, au uteute umekauka. Usemi huo umewapotosha wengi. Mwisho wa mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi vimefunikwa na gegedu, lile tabaka jeupe linaloteleza unaloliona ukivunja kiungo cha paja la kuku. Gegedu likilika mwaka hadi mwaka, mfupa husuguana na mfupa. Goti hukakamaa asubuhi, huvimba jioni, hutoa mlio, na mguu huanza kupinda matege. Uteute wenyewe mara nyingi haujakauka. Goti lililovimba huwa na maji mengi kuliko kawaida. Ndiyo maana maji ya bamia, ambayo karibu kila mgonjwa wa goti ameshashauriwa ayanywe, hayarudishi kitu. Bamia ni chakula kizuri, lakini utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine na haufiki gotini.

Umri, uzito mkubwa, jeraha la zamani la mpira au la ajali ya bodaboda, baridi yabisi inayoshambulia viungo vingi kwa pamoja: hizo ndizo njia kuu za kufika hapo. Gegedu lililokwisha halioti tena kwa kidonge. Akikuuzia mtu dawa ya kulirudisha, anakuuzia matumaini.

Na hapa nisikilize vizuri. Zipo dawa zinazoitwa za asili, za magoti, zinazouzwa kwa kificho au mitandaoni, ambazo humfanya mtu asimame na kutembea ndani ya siku tatu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya aina hiyo baada ya kukuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Deksamethasoni inayonywewa gizani hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kinga, na ukiiacha ghafla mwili unaweza kuzimika kama taa. Kama umewahi kuzitumia, mwambie daktari wazi, usione haya. Akilikosa jambo hilo, upasuaji wenyewe unageuka hatari.

Je, umefika huko?

Picha ya eksirei haiamui peke yake. Wapo watu ambao picha zao zinatisha na bado wanalima, na wapo ambao picha inaonyesha kidogo na maumivu yamewalaza. Jiulize mambo ya maisha. Maumivu yanakuamsha usiku? Unaweza kutembea kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani bila kusimama? Umeacha vitu gani mwaka huu ulivyokuwa unavifanya mwaka juzi? Hilo la mwisho ndilo lililotufumbua macho sisi.

Jiulize tena kama umejaribu kwa dhati yale yanayotangulia kisu. Mazoezi ya msuli wa mbele wa paja, kila siku kwa miezi mitatu, huwatuliza watu wengi maumivu. Uzito nao una hesabu yake: kila kilo 1 unayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Mtu aliyepunguza kilo 5 ameliondolea goti mzigo wa kilo 20, tena mara maelfu kwa siku. Fimbo inasaidia, ila ishikwe mkono wa upande wa goti zima. Wengi huishika upande wa goti bovu, na hapo haibebi kitu. Sindano za gotini hutuliza kwa muda, na kama umechomwa sindano ya steroidi, upasuaji husogezwa mbele miezi 3 hivi kwa kuogopa maambukizi. Diklofenaki ya duka la dawa iogope ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu. Mama yangu aliinywa karibu kila siku kwa mwaka mzima bila kumwambia mtu, na siku ya vipimo figo ndizo zilizotucheleweshea tarehe.

Ukishajaribu yote na goti bado linakunyima usingizi na mwendo, usikae miaka kumi ukisubiri. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limekakamaa kabisa, na paja limenyong'onyea, huwa gumu kukunjika hata baada ya kuwekewa jipya. Kuwahi mno nako kuna hasara: mwenye maumivu madogo ndiye anayejuta, kwa sababu goti la bandia halifiki uzuri wa goti la asili lenye afya.

Utakachopewa

Watu hudhani mguu unakatwa na kuunganishwa. Sivyo. Daktari hukata tabaka jembamba la mwisho wa mfupa wa paja na la kichwa cha muundi, kisha huvivika kofia za chuma, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromiamu juu na titani au kobalti chini. Katikati hukaa kipande cha plastiki ngumu kinachochukua kazi ya gegedu. Mara nyingi vyuma hushikizwa na saruji maalumu ya mifupa. Mishipa ya damu, misuli na kano nyingi hubaki zako. Kama umesagika upande mmoja tu, muulize kama nusu goti linatosha. Kwa wengine linatosha.

Wazo hili ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa wa kifua kikuu cha goti bawaba ya pembe ya ndovu. Magoti aliyoyaweka yalianza vizuri, kisha yakashindwa kwa maambukizi. Goti la muundo tunaoujua leo lilikuja miaka ya 1970, na John Insall na wenzake wa New York wakiwa miongoni mwa walioliunda. Chuma kimebadilika, plastiki imebadilika, lakini adui aliyemshinda Gluck bado ndiye yule yule. Nitamrudia mara kadhaa humu, maana sehemu kubwa ya unayoagizwa kufanya, kuanzia kung'oa jino bovu hadi kuoga kwa sabuni, ni kumzuia yeye.

Litadumu miaka mingapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya rekodi za wagonjwa wengi wa nchi zenye daftari za kitaifa za viungo bandia, ulikadiria kwamba magoti 82 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25. Mtu wa miaka 68 anaweza kabisa kuzikwa nalo. Mtu wa miaka 48 ajue kwamba huenda akafanyiwa upasuaji wa pili, nao ni mgumu kuliko wa kwanza. Kwake kusubiri kidogo kuna maana.

Yapo mawili ambayo hatukuambiwa, nami sitaki uyakose. La kwanza: karibu mtu 1 kati ya 5 hubaki hajaridhika, ama kwa maumivu yaliyobaki, ama kwa sababu alitarajia goti la ujana. La pili linatugusa sisi kuliko wazungu walioandika vitabu vya wagonjwa. Maisha yetu yako chini. Tunachuchumaa chooni, tunakaa mkekani, tunapalilia tumeinama, tunakuna nazi juu ya mbuzi, tunasujudu. Kukunjika kwa goti hupimwa kwa nyuzi: mguu ukinyooka ni nyuzi 0. Ukikaa kwenye kiti, nyayo chini, ni nyuzi 90. Goti jipya lililofanyiwa mazoezi vizuri hufika nyuzi 110 hadi 120. Kuchuchumaa kikamilifu kunadai zaidi ya 130, na kukalia visigino kunadai karibu 150. Wapo wanaofika, lakini usipange maisha yako juu ya hilo. Kupiga magoti kwa kawaida hakuliharibu goti jipya, ila wengi huona ganzi na karaha kwenye ngozi ya upande wa nje wa kovu, na wengine hawapigi magoti tena. Muislamu ataswali kwenye kiti, Mkristo atakaa wenzake wakipiga magoti, na dini zote mbili zinamruhusu mgonjwa. Mama alilia siku alipoelewa hilo. Afadhali alilia kabla.

Hospitali, bima na maswali

Si lazima kupanda ndege. Kwa miaka mingi aliyetaka goti jipya alitazama India, lakini leo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam hufanya upasuaji huu, na Kenya hospitali kama PCEA Kikuyu zina jina katika kazi hiyo. Ukiamua kwenda mbali, kumbuka kwamba nyuzi za kidonda, mazoezi na matatizo ya mwezi wa pili utakuja nayo nyumbani, na kwamba safari ndefu ya ndege mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda.

Kabla ya tarehe kupangwa, ulizia fedha kwa maandishi. Kinachokula fedha ni kiungo chenyewe. Je, bei uliyotajiwa ina goti ndani yake, au goti ni juu yako? Ina siku za wodi, damu, dawa za nyumbani, mazoezi ya miezi miwili? Bima yako inalipa kiasi gani, na kibali kinachukua siku ngapi? Kenya, tangu bima ya umma ya SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usitegemee majibu aliyopewa jirani enzi za mfuko wa zamani; nenda ofisini kaulize upya.

Daktari naye aulizwe, kwa adabu na bila woga. Anafanya magoti mangapi kwa mwaka? Ni yeye mwenyewe atakayeshika kisu? Ataweka goti la aina gani, na vipuri vyake vitapatikana likihitaji kurekebishwa? Nani atasimamia mazoezi? Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Aliyemtibu mama aliyajibu yote akiwa amevuta kiti, na heshima ile ilimpa mama ujasiri kuliko vipimo.

Nyumba kwanza, kisha mwili

Andaa nyumba wiki mbili kabla. Usiseme itaandaliwa ukiwa wodini. Wodini utakuwa na kazi nyingine.

Anzia chooni. Kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi seremala akuchongee kiti kizito chenye tundu, kirefu kupita goti lako kidogo, chenye mikono ya kushikia, kisicholegea. Au tumia kiti imara kilichotobolewa. Kiti cha plastiki chepesi usikiamini, kinateleza. Bomba la chuma ukutani la kujivutia ni la bei ndogo na lina thamani kubwa. Sakafu ya bafuni iwe na mkeka wa mpira, na ndoo iwekwe juu ya stuli ili usiiinamie.

Kitanda kiwe juu: ukikaa pembeni, mapaja yasiteremke chini ya magoti. Kama godoro liko sakafuni, tafuta kitanda, hata cha kuazima. Tandua mazulia, ondoa nyaya za njiani, fungia paka na kuku wanaopita miguuni. Kama chumba chako kiko ghorofani, hamia chini kwa mwezi. Jiko la mkaa la chini halitatumika, basi liinuliwe au mtu mwingine apike.

Mwili nao una maandalizi. Sukari ishuke na itulie, maana sukari ya juu hulisha maambukizi. Sigara iachwe walau wiki 4 kabla. Damu ikiwa pungufu itibiwe wiki kadhaa mapema, na ndugu wa kuchangia damu watafutwe. Jino bovu ling'olewe au lizibwe. Mkojo unaochoma utibiwe. Vidonda vya miguuni, fangasi za vidoleni na mipasuko ya visigino vipone. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa vizuri, na virusi vimefubaa, anaweza kufanyiwa upasuaji huu kama mwingine. Asidanganye tu kuhusu dawa zake. Dawa za kuyeyusha damu, za presha, za sukari na mitishamba yote, ziorodheshe na umwonyeshe daktari, yeye aseme ipi uache na lini. Na anza mazoezi ya paja sasa hivi: kaza msuli, kandamiza goti kitandani, hesabu hadi tano, legeza. Msuli utakaouingiza chumba cha upasuaji ndio utakaokuinua.

Usinyoe mguu kwa wembe nyumbani. Mikwaruzo isiyoonekana ni mlango wa vijidudu. Oga kwa sabuni usiku na asubuhi, na vidoleni usiwe na rangi ya kucha wala piko, kwa sababu kile kipimo kinachobanwa kidoleni kusoma hewa ya damu kinaweza kudanganywa.

Siku yenyewe

Kuhusu siku hiyo sina mengi, kwa kuwa wewe hutakuwa na kazi. Utafunga kula kama ulivyoelekezwa. Mguu utawekwa alama ya wino. Hakikisha ni ule unaouma. Wengi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni badala ya nusu kaputi. Hofu kwamba sindano hiyo huacha maumivu ya mgongo ya maisha imeenea sana kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, lakini tafiti hazikuithibitisha, na kwa wazee wengi ni njia yenye usalama mzuri. Kazi yenyewe huchukua saa 1 hadi 2.

Jambo litakalowashangaza ndugu ni kwamba siku ile ile au kesho yake utasimamishwa. Usikatae, wala ndugu wasimtetee mgonjwa wakisema "muacheni apumzike". Kusimama mapema huzuia damu kuganda na kulizuia goti lisikakamae. Utatembea na fremu, baadaye magongo, mwisho fimbo. Kitandani, chezesha vifundo vya miguu juu chini kila unapokumbuka.

Wiki sita zinazoamua

Hapa ndipo penye moyo wa yote. Daktari amefanya kazi ya saa mbili. Iliyobaki ni yako, na haisubiri.

Tulirudi nyumbani siku ya tano. Hospitali ile, ambayo sitaitaja, ilitupa dawa na tarehe ya kutoa nyuzi, haikutupa karatasi ya mazoezi, nami sikuuliza. Mama akasema mguu unatulia ukiwa umekunjwa kidogo, nikamwekea mto laini chini ya goti. Nilidhani ninamtunza. Alilala hivyo siku kumi. Tuliporudi kutoa nyuzi, mtaalamu wa mazoezi aliweka kiganja chini ya goti na kikapita chote. Mguu ulikuwa umekataa kunyooka. Ilichukua wiki saba za machozi kuurudisha, na ule mto niliununua mimi.

Kwa hiyo, usiweke kitu chini ya goti, hata usiku mmoja. Taulo lililoviringishwa liwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani na lishuke lenyewe, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Inauma. Mguu usionyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote, hata kama goti linakunjika vizuri.

Kukunja nako hakusubiri. Kaa kwenye kiti, telezesha unyayo nyuma sakafuni kadiri uwezavyo, shikilia, rudisha. Lengo la kawaida ni kufika nyuzi 90 ndani ya wiki 2 au 3 za mwanzo. Mazoezi mafupi mara nne au tano kwa siku ni bora kuliko ya saa nzima mara moja. Dawa ya maumivu inywe nusu saa kabla ya mazoezi, usiibane kwa ushujaa. Anayebana dawa hakunji goti. Kama umepewa tramadol, kunywa maji, kula papai na mboga, kwa sababu inafunga choo. Goti likigoma kabisa kukunjika kufikia wiki ya sita, sema mapema: daktari anaweza kulikunja ukiwa umelala kwa dawa, lakini akicheleweshwa njia hiyo hufungika.

Uvimbe na joto la goti hubaki miezi 3 hadi 6, na weusi wa damu iliyovilia hushuka mpaka kifundoni. Ni kawaida. Inua mguu juu kuliko moyo, mto mrefu ukiwa chini ya muundi na kisigino, si chini ya goti. Weka barafu: hata zile za vifuko za dukani zinafaa, zikifungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kidonda kikiwa kikavu.

Sasa lile litakaloleta ugomvi na wakwe. Usikandwe kwa maji ya moto, na usichuliwe. Atakuja mtu mwema, shangazi au jirani, na mafuta na taulo la mvuke, akisema damu imevilia. Mzuie kwa heshima, lakini mzuie. Joto huzidisha uvimbe na huunguza ngozi yenye ganzi, na kuchua shavu la mguu lenye damu iliyoganda kunaweza kulisukuma donge hadi kwenye mapafu. Huo ndio msiba wa ghafla kuliko yote katika upasuaji huu. Dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe sindano ya tumboni au kidonge, imalizwe siku zote zilizoandikwa.

Wageni watakuja, na ni baraka, lakini wasikalie kitanda wala kufunua kidonda waone. Chakula wanacholeta kiwe na mayai, samaki, maharage, dagaa. Kidonda kinajengwa kwa hivyo. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza uliofanyiwa upasuaji. Usingizi utakuwa mbaya, na kati ya wiki ya pili na ya nne wengi hushikwa na huzuni na kujiuliza kwa nini walikubali. Mama alinitamkia hivyo hasa. Mwambie mgonjwa wako kwamba wengi hupita hapo, na kwamba kufikia wiki ya nane mambo huwa mengine.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki, ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, kifua kinabana au pumzi inakatika, kidonda kinatoa maji au usaha baada ya siku chache za mwanzo, homa, au goti lililokuwa linapona likaanza kuuma upya kwa ghafla. Ukishuku maambukizi usinunue antibiotiki dukani. Dawa ya kubahatisha huwaficha vijidudu wasionekane kwenye kipimo, na daktari hukosa kujua anapigana na nani. Maambukizi huwapata 1 hadi 2 kati ya 100, na yakikamatwa mapema goti linaweza kuokolewa. Yakicheleweshwa, goti hutolewa lote.

Baadaye

Kuendesha gari, wiki 6 hivi, ukiwa umeacha dawa zinazoleta usingizi na unaweza kukanyaga breki kwa nguvu. Tendo la ndoa, kidonda kikipona na maumivu yakiruhusu, bila kulikandamiza goti. Kazi ya ofisini wiki 6. Shamba miezi 3 au zaidi, na jembe la mpini mrefu. Bodaboda iache iende zake kwa miezi 3, na hata baada ya hapo panda kwa sababu ya kweli. Kutembea, kuogelea na baiskeli ni halali yako. Kukimbia na kuruka hapana. Goti litatoa mlio wa chuma na plastiki vikigusana, usishtuke.

Miguu yako ikague kila jioni maisha yote, hasa ukiwa na sukari. Jipu, mchomo wa mwiba au jino lililooza linaweza kupeleka vijidudu kwenye damu hadi gotini hata baada ya miaka kumi. Na omba nakala ya zile stika zinazobandikwa kwenye faili lako siku ya upasuaji, zenye aina na namba ya goti. Goti likihitaji kurekebishwa mwaka 2040, na faili limepotea, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari mgeni vipuri gani atafute. Ya mama iko ndani ya msahafu wake, imepigwa nailoni.

Kuhusu goti la pili, madaktari wengi huliacha hadi la kwanza lisimame vizuri, kwa kawaida si chini ya miezi 3; kufanya yote mawili siku moja ni kwa wachache wenye moyo na mapafu imara. Mama alisubiri miezi 11. Siku moja alirudi kutoka sokoni, kwa miguu, na kikapu, akakaa barazani, akalipiga goti la kushoto kofi dogo na kuniuliza, "Hili nalo tunalipeleka lini?" Kiti cha choo kilikuwa bado kipo. Mto sikununua.